Meza Yenye Roho Mbaya

Kama hujawahi kumsikia mtu mzima akitukana shimo, nenda ukumbi wowote wenye meza ya pool ukakae hapo kidogo. Mpira ukifika mdomoni mwa shimo, ukagonga pembe hii, ukagonga pembe ile, kisha ukarudi zake mezani kama uliosahau kitu, hapo ndipo utajua watu wana midomo michafu. Wataitukana meza, wataitukana chaki, watamtukana hata yule aliyekaa pembeni anakunywa soda yake bila kumgusa mtu. Wakishachoka, mmoja atasema, "Jamani, aitwe Mzee Raba aje aitazame hii kitu."

Mzee Raba alikuwa fundi wa meza. Si wa kuziunda, la, wa kuzitibu. Jina hilo alilipata kwa sababu mifuko ya suruali zake haikukosa vipande vya raba nyeusi, vyembamba na vigumu, alivyovikata kwa kisu kikali cha kushonea viatu. Mke wake akifua alivikuta vimenasa kwenye mshono, akavitupa nje dirishani huku akisonya, na Mzee Raba akatoka nje akaviokota kimoja kimoja bila kusema kitu.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hivi. Shimo la meza ya pool linabanwa au kuachiwa na kingo mbili zinazokutana pale. Unafungua ukingo mmoja, unabandua kitambaa kwenye ncha yake, unagundisha kipande cha raba, unavuta kitambaa kikae sawasawa, unafunga. Mdomo wa shimo umeshapungua, na hata uwe na macho ya mwewe huwezi kuona kitu. Ukikitoa kile kipande, mdomo unapanuka. Wenye kumbi walipenda mashimo mapana, maana mchezo unaisha upesi, wa pili anaingia, na hata asiyejua kushika fimbo anarudi nyumbani anajiona bingwa. Wachezaji wenye kujisikia walitaka yabanwe. Mzee Raba aliwasikiliza wote kwa heshima, kisha akafanya alichotaka yeye.

Alikuwa na kipimo chake. Alichukua mipira miwili, akaiweka bega kwa bega katikati ya mdomo wa shimo, akaisukuma kwa vidole. Ikipita pamoja huku inasuguana kidogo, shimo ni la haki. Ikipita na nafasi ikabaki, alicheka, akauliza kama hapo wanaingiza mipira au ng'ombe. Ikikwama, alikunja uso na kusema meza hiyo ina roho mbaya, na hakuondoka mpaka ameirekebisha.

Sasa sikiliza. Nyumbani kwake, kwenye chumba cha mbele chenye mlango wa kutokea barabarani, alikuwa na meza yake mwenyewe. Aliipata kwenye hoteli iliyofungwa, imevunjika mguu, kitambaa kimeliwa na panya, na akaihangaikia mpaka ikasimama, watu wakawa wanalipa kuja kuichezea. Na meza hiyo, nasema bila kumung'unya maneno, ndiyo iliyokuwa na roho mbaya kuliko zote alizowahi kuzigusa. Roho hiyo aliitia yeye, kwa mikono yake, akijua anachofanya.

Alikuwa na binti mmoja tu. Mtaa mzima ulimwita Mashoto, kwa kuwa kila kitu alikishika kwa mkono wa kushoto: kijiko, kalamu, ufagio, mwishowe fimbo ya pool. Alianza kucheza akiwa hajafikia ukingo wa meza, amepandishwa juu ya kreti la soda. Wakati huo mashimo yalikuwa ya haki, mipira miwili inapita. Mtoto akacheza, akakosa, akacheza, akapata, na siku moja jioni akaingiza mpira baada ya mpira hadi mezani ukabaki mweupe peke yake. Akageuka kumtazama baba yake. Macho yamemtoka, anangoja.

"Kiwiko chako kinayumba," baba akasema. "Kibane."

Kisha akapita pazia, akaingia jikoni, akamshika mkewe mabega. "Mama Mashoto, yule mtoto ana mkono! Haki ya Mungu, tangu nizaliwe sijaona mkono kama ule."

"Sasa mimi unaniambia ili nifanyeje? Si umwambie mwenyewe?"

"Atavimba kichwa."

Huyo ndiye Mzee Raba. Sifa za binti yake alizitapakaza kwenye kila ukumbi alikokwenda kufanya kazi. Wauza soda walizijua, madereva walizijua, watu ambao hawajawahi hata kumwona huyo msichana walijua kwamba fundi ana mtoto wa ajabu nyumbani. Mtu pekee aliyekuwa hajui ni mtoto mwenyewe.

Tusimwonee sana, naye alikuwa na kidonda chake. Ujana wake alikuwa mchezaji, tena si wa kubahatisha. Mtaani kwao hakuna aliyemshinda. Wakamchangia nauli, wakamnunulia shati, wakaenda naye kundi zima kwenye shindano kubwa, mjomba wake akiwa mbele kwa mbwembwe zote. Kumbe meza ya mtaani kwao ilikuwa na mashimo kama ndoo, na kule mashimo yalibanwa. Kila alichopiga kilitoka. Mpira wa mwisho ulicheza mdomoni, ukatoka, na wa kwanza kucheka kwa sauti ukumbini alikuwa mjomba wake. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyesema naye. Kesho yake wakaanza kumwita Bingwa wa Nyumbani, na jina likamganda mpaka akahama. Fimbo hakuishika tena mbele za watu. Akaapa kwamba mtoto wake hatadanganywa na shimo pana.

Basi Mashoto alipoondoka kwenda shule, Mzee Raba alifunga mlango wa barabarani, akafungua kingo, akabandika raba. Safu moja tu, nyembamba. Mtoto aliporudi, akatupa begi, akashika fimbo, mpira ukagonga pembe ukatoka. Akapiga mwingine ukatoka. Akatazama ncha ya fimbo, akatazama mkono wake, akarudia.

"Leo nina nini, baba?"

"Kiwiko."

Ikamchukua muda mrefu kuzoea, lakini akazoea, maana huyo mtoto alikuwa na kichwa kigumu kama cha babaye. Alipoanza tena kuingiza bila kugusa pembe, na uso wake ukaanza kuchangamka, baba akangoja aende shule, akafungua kingo, akaongeza safu nyingine. Hivyo hivyo miaka ikaenda. Kila alipokaribia kujiona anaweza, shimo lilipungua. Alilala anajua, anaamka hajui.

Mama yake alikuwa anaona. Alikuwa anasikia bisibisi ikikwaruza chumba cha mbele, anasimama kwenye pazia na mwiko mkononi. "Baba Mashoto, huyu mtoto unamfanyia nini?"

"Namkomaza. Akiweza kuingiza hapa, dunia nzima itakuwa rahisi kwake."

"Na yeye anajua kama anakomazwa? Maana mimi ninachoona ni mtoto anayelia chooni."

"Akijua haitafanya kazi."

Watu wa nje walilalamika. Wateja wakapungua, maana nani atoe hela yake akanyanyaswe na meza? Walimwambia Mashoto waziwazi, "Dada, meza ya mzee wako haichezeki." Lakini baba alikuwa ameshamjaza kwamba hao ni wavivu wanaosingizia meza, na yeye akaamini. Kumbi nyingine alikatazwa kukanyaga, eti kuna wahuni. Kwa hiyo meza nyingine hakuijua. Ile ya nyumbani ndiyo ilikuwa dunia yake yote.

Akawa msichana mkubwa. Shule ikaisha, akawa anamsaidia mama yake asubuhi na kucheza mchana. Siku moja akaja mwalimu wa timu ya wanawake, mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, kumwomba Mzee Raba akatengeneze meza yao. Wakati fundi anatafuta vifaa, mwalimu akamwangalia Mashoto akipiga. Mpira ukaingia. Mwingine ukatoka. Wa tatu ukaingia. Mwalimu akasogea, akainamia shimo, akalitazama kwa karibu, akainua uso kumtazama mzee na kufungua kinywa. Mzee Raba akamtikisia kichwa, kidole mdomoni. Mwalimu akafunga kinywa, akacheka peke yake.

"Wee binti," akasema, "Jumamosi tunachagua wachezaji ukumbini kwetu. Usipokuja nitakufuata na gari nikubebe."

Siku zile, jamani, Mzee Raba alikuwa anatembea hewani. Ndiyo ilikuwa shabaha ya mateso yote yale. Aliwaza namna Jumamosi binti yake atakavyopiga mpira wa kwanza kwenye meza ya watu, namna utakavyotumbukia bila kugusa popote, na wa pili, na wa tatu, na namna atakavyogeuka kumtafuta baba yake kwa macho na kuelewa yote kwa mara moja. Wala halitahitajika neno. Alinyoosha shati lake mwenyewe kwa pasi. Mke akamuuliza kama anaoa.

Ijumaa alasiri Mashoto akafanya mazoezi ya mwisho. Na siku hiyo mkono ulikuwa na hofu, ukakataa. Mpira ulitoka, ukatoka, ukatoka. Akabadilisha fimbo. Akabadilisha upande. Mwishowe akaiweka fimbo mezani taratibu, akakaa chini sakafuni, mgongo umeegemea mguu wa meza, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Mzee Raba alikuwa amesimama mlangoni. Ilikuwa saa ya kusema. Angesema tu, "Mwanangu, nimekufanyia hivi na hivi," au angechukua mipira miwili akamwonyesha, mambo yangekwisha pale pale. Neno lilimpanda mpaka kooni.

"Kiwiko chako kinayumba," akasema. "Nilishakwambia."

Jumamosi asubuhi nguo zake za kwendea zilikuwa bado zimekunjwa juu ya kiti, na mwenyewe hayupo. Alipita kwa mwalimu, akaacha ujumbe mlangoni, "Nisamehe mama, mimi sina mkono," akaenda zake kwa shangazi yake, mji mwingine. Mwalimu alikuja mbio kwa Mzee Raba amefura kwa hasira. "Mfuate ukamwambie, mzee! Orodha hatuifungi mpaka kesho!" Mzee Raba hakwenda. Alisema kama mtoto hana moyo, basi hana, yeye afanyeje. Hicho kilikuwa kiburi tupu. Ukweli ni kwamba aliona aibu, na aibu ya mtu mzima ikikaa sana inageuka ukali. Mkewe hakuzungumza naye mpaka mvua zikakatika.

Mashoto akapata kazi kwenye kiwanda cha mashati, kitengo cha kupiga pasi kola. Meza za pasi zilipangwa kwa watu wa mkono wa kulia, waya unatokea upande usio wake, kwa hiyo siku nzima alifanya kazi amejipinda. Akaolewa, akazaa. Nyumbani alikuja kwa nadra, akamsalimia baba yake kwa adabu zote, akakaa jikoni na mama yake. Chumba cha mbele alikipita kama unavyopita nyumba ya mtu anayekudai. Mzee Raba naye alijikalia barazani, anakata raba zake, anangoja aulizwe, na hakuulizwa.

Miaka ikapita. Halafu asubuhi moja akaja bila taarifa.

Mzee Raba alikuwa peke yake chumba cha mbele, anapangusa vumbi kwenye meza ambayo siku hizo haikuchezwa na mtu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Mama yako yuko ndani."

"Nimekuja kwako."

Akaweka mkoba chini. Akachukua mipira miwili, akaiweka bega kwa bega kwenye mdomo wa shimo la kona, akaisukuma kwa vidole vya mkono wa kushoto. Ikakwama. Akaibeba mpaka shimo la pili, ikakwama. Akazunguka meza yote, shimo kwa shimo, bila haraka, na kila shimo likakataa. Mzee Raba alishika kitambaa cha kupangusia kwa mikono miwili.

"Kazini wametuletea meza ya pool," Mashoto akaanza, na sauti yake ilikuwa shwari kabisa. "Wakaniita. Nikakataa, nikawaambia mimi sina mkono, mniache. Wakang'ang'ania. Mpira wa kwanza ukaingia, nikadhani nimebahatisha. Wa pili ukaingia. Baba, nikamaliza meza. Watu wanapiga makelele, wanapiga meza za chakula, mimi nikakimbilia chooni. Niliporudi nikapima kwa mipira miwili, kama ulivyokuwa unatuhadithia unavyopima meza za watu. Ikapita. Nikasema labda hii ya kazini imepwaya. Nikaenda kumbi nyingine nikapima. Huko kote inapita. Isipokuwa hapa."

Mzee alitafuta cha kusema, akapata kile kibaya kuliko vyote. "Sasa mbona hukupima siku zote ulizokaa hapa?"

"Nani anapima meza ya baba yake?"

Upande wa jikoni sufuria iliwekwa chini, na pazia likasogea. Mama alikuwa amekuja kusimama pale pale alipozoea kusimama.

"Nilitaka ukomae," Mzee Raba akasema. "Yaliyonikuta mimi yasikukute. Nilitaka ukitoka hapa uone kila mahali ni rahisi."

"Sikutoka, baba. Nilikaa hapa nikajiona takataka. Mpaka leo mume wangu akinisifia chakula namuuliza anataka nini."

"Nitazifungua. Ngoja nilete bisibisi, nazifungua sasa hivi zote..."

"Sikufuata raba." Akachukua fimbo ukutani, ile ile yake, akapangusa vumbi kwa upindo wa kanga. "Nimefuata kitu kimoja tu. Nataka uniambie kwa kinywa chako. Nilikuwa najua kucheza, au sikuwa najua?"

Hakungoja jibu. Akaweka mpira mmoja mbali, kwenye kona ngumu kuliko zote, na mweupe upande wa pili kabisa. Akainama, akavuta pumzi, akapiga. Mpira ulikwenda moja kwa moja, ukaingia katikati ya mdomo ule uliobanwa kwa raba za miaka yote, bila kugusa pembe ya kulia wala ya kushoto. Ulisikika ukianguka ndani, basi.

Akabaki ameinama vile vile, ameinua macho tu kumtazama baba yake. Macho ya yule mtoto wa juu ya kreti.

Mzee Raba aliona. Alikuwa ameona kuliko mtu yeyote duniani anavyoweza kuona, maana yeye ndiye aliyelifinya shimo lile. Machozi yalimjaa. Nyuma ya pazia mkewe alinong'ona, "Mwambie. Mwambie, Baba Mashoto, tafadhali." Akafungua kinywa, na kinywa kilikuwa kimezoea njia yake.

"Kiwiko," akasema.

Alishtuka mwenyewe. Akanyoosha mkono kama anayetaka kulidaka lile neno lisifike. Lakini lilikuwa limeshafika. Mashoto hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alitabasamu kidogo, akairudisha fimbo ukutani, akaibana vizuri isianguke.

"Asante, baba," akasema. "Sasa nimejua si mashimo tu yaliyobanwa."

Akaingia ndani, akamkumbatia mama yake, akanywa maji. Akatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa jikoni.

Mzee Raba alifungua kingo siku hiyo hiyo. Zilitoka raba nyingi, safu juu ya safu, nyingine zimekauka kiasi cha kuvunjika vidoleni. Akafunga upya, akapima kwa mipira miwili, ikapita pamoja huku inasuguana. Akampigia binti yake simu, akapokea mkwewe, akasema mama watoto amelala. Akapiga tena siku nyingine, akaambiwa amekwenda sokoni. Mkewe akamwambia, "Acha, mzee. Usimsumbue. Salamu zako nitazipeleka mimi," na kweli huwa anazipeleka, na huwa anarudi na salamu za adabu tupu.

Habari zikaenea kwamba meza ya Mzee Raba siku hizi inachezeka. Vijana wakarudi, chumba cha mbele kikajaa. Mashoto hakukanyaga tena pale. Nenda leo mchana utamkuta mzee amekaa kwenye kreti karibu na mlango, anatazama. Mtu yeyote akiingiza mpira, hata kwa bahati, hata yule asiyejua kushika fimbo, mzee anapiga makofi na kusema kwa sauti, "Vizuri sana! Una mkono, wewe!" Hakwami hata kidogo. Wageni wanampenda, wanasema hawajapata kuona mzee mwenye moyo mkunjufu kama huyu.

Na mkewe, kila anapoisikia sauti hiyo, anaongeza sauti ya redio jikoni.